Uduvi wa Beseni Newala

Gramu moja ya mayai ya uduvi wa chumvi hupotea katika mkunjo wa kiganja, nayo ina mayai zaidi ya 200,000. Yatie kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu, yape mwanga na hewa, na kesho saa kama hizi maji yatakuwa yamejaa vichanga wa rangi ya chungwa, kila mmoja mfupi kuliko nusu milimita. Watoto wa nyumba watajazana kutazama. Siku ya tatu vichanga wengi bado wanaogelea. Siku ya saba, katika nyumba nyingi, beseni linanuka na hakuna kinachocheza ndani yake.

Mazungumzo ya leo yanahusu hapo katikati: safari ya kichanga huyo mpaka awe uduvi mzima wa sentimita moja, mwenye mwenza na mayai yake. Yanamhusu hasa msikilizaji wa Masasi na Newala, ambaye bahari anaijua kwa papa wa ng'onda na kwa chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni. Kwa mtu wa pwani, kufuga kiumbe wa maji chumvi si habari. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako hata maji baridi yamesumbua watu kwa vizazi, jambo lenyewe linaonekana kama mzaha. Si mzaha.

Kwanza tumjue. Wataalamu humwita atemia. Huyu si yule uduvi anayekaushwa na kupikwa kwa nazi, ingawa ni ndugu wa mbali. Hana gamba gumu la mgongoni, hana gando, hana mwiba. Ana jozi 11 za miguu laini kama manyoya, na miguu hiyo ndiyo inayomsukuma, ndiyo inayovuta hewa, na ndiyo inayomchujia chakula. Huogelea chali, tumbo likiangalia mwanga. Kiumbe mlegevu hivi angeliwa siku ya kwanza na samaki yeyote, ndiyo maana akahamia kwenye maziwa na mashamba ya chumvi ambako samaki hawezi kuishi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Yeye anastahimili hata zaidi ya 200. Chumvi ndiyo boma lake.

Na mayai yake ndiyo yaliyompa jina duniani. Ziwa likikauka, yai hukauka pamoja nalo, uhai ukasimama ndani ya ganda, na likitunzwa vizuri hukaa miaka likisubiri maji. Mwaka 1972 mayai kama hayo yalipakiwa ndani ya chombo cha Apollo 16, yakaenda mwezini na kurudi, ili wanasayansi waone mionzi ya anga inavyodhuru uhai. Huko Marekani mfanyabiashara Harold von Braunhut alikwisha kuona pesa ndani yake: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliyauza kwa watoto kwa jina la Sea-Monkeys, kwa matangazo yenye picha za familia ya viumbe waliovaa taji na kutabasamu. Mtoto aliyefungua pakiti alikuta vidudu. Wengine walilia, wengine wakawa wanabiolojia.

Afrika nayo ina habari yake ya zamani zaidi. Katika jangwa la Fezzan, kusini mwa Libya, kuna ziwa la chumvi la Gabraoun katikati ya matuta ya mchanga. Watu waliokaa kando yake waliitwa Dawada, na wanawake wao waliingia ziwani na nyavu za macho madogo, wakawavua uduvi hawa, wakawaponda na kuwaanika kuwa mikate ya kitoweo. Hakuna aliyewafundisha kwamba uduvi mzima aliyekaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Walijua kwa mdomo.

Tanzania imempa kazi ya maabara, tena ya hatari. Katika Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti wamemtumia kupima ukali wa dawa za miti shamba. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1982 na Meyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na uzuri wake ni kwamba haihitaji mashine za fedha nyingi: vichanga kumi katika kila kichupa, dawa ya viwango tofauti, saa 24, kisha wanahesabiwa walio hai. Profesa Mainen Moshi na wenzake walichapisha mwaka 2010 vipimo vya namna hiyo kwa mimea ya Tanzania ambayo waganga huitumia kutibu magonjwa ya fangasi. Uduvi wa Muhimbili, kwa hiyo, hazeeki. Akivuka siku mbili amebahatika.

Msikilizaji wa Newala aikumbuke kazi hiyo kwa sababu moja ya vitendo. Kiumbe anayetumiwa kama kipimo cha sumu hawezi kuvumilia mkono uliotoka kushika bomba la kupulizia mikorosho. Kuanzia katikati ya mwaka, mashamba ya Masasi, Newala na Tandahimba hupuliziwa salfa na viuatilifu vya maji kupambana na ubwiri unga na wadudu. Mabaki kidogo tu kwenye kucha au kwenye ndoo iliyochanganyia dawa hiyo yanatosha kumaliza beseni zima kabla ya jioni. Ndoo ya uduvi iwe ya uduvi tu, na isuguliwe kwa maji na chumvi bila sabuni.

Sasa maji. Sehemu ya juu ya uwanda wa Makonde ni mchanga unaokunywa mvua yote inayoshuka kati ya Desemba na Aprili. Juu hakuna mto. Chemchemi ziko chini mabondeni. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alistaajabia watu waliochagua kuishi juu huku maji yako chini kabisa, na kazi ya kuyapandisha iliyokuwa kichwani mwa wanawake. Mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950, unaosukuma maji kutoka bonde la Kitangari, ulipunguza safari hizo, lakini haukufuta desturi ya kuhesabu maji. Nyumba nyingi bado zinavuna mvua kutoka kwenye bati na kuiweka kwenye tangi lililochimbwa uani. Masasi, chini ya majabali yake, ina maji ya chemchemi za Mbwinji.

Mtu akiwaambia watu wa namna hii wabadilishe maji ya samaki kila wiki, lita mia kwa mia, watamcheka, na watakuwa na haki. Uduvi wa chumvi hadai hivyo. Ndoo moja ya lita kumi ikishachanganywa inatumika mwezi na zaidi. Kinachopungua ni maji yanayopaa kwa jua, na yanajazwa kwa maji baridi kidogo kidogo hadi kwenye alama iliyochorwa ubavuni mwa chombo. Hapa wengi hukosea: maji yakipungua wanaongeza chumvi. Chumvi haipai. Inabaki yote ndani, na kila kijiko kinachoongezwa kinamsogeza uduvi kuelekea mahali ambako hata yeye anashindwa.

Vipimo vyenyewe si vigumu. Gramu 350 za chumvi kwa lita kumi za maji ndiyo kadiri ya bahari, na ndiyo ya kuanzia. Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya Mtwara na Lindi inafaa kuliko ile nyeupe ya pakiti, maana bado ina mabaki ya madini mengine ya bahari, ambayo husaidia zaidi kadiri mdudu anavyokua. Iyeyushwe, itulie usiku mmoja, mchanga ukae chini, kisha imiminwe taratibu. Maji ya mvua ni mazuri kwa kuwa hayana klorini. Ya bomba yalale wazi usiku kucha kabla ya kutumika. Vijiko viwili vya chai vya bikabonati ya soda huyatoa maji kwenye uchachu, kwa sababu uduvi na hasa mayai yake hupenda maji yenye ukali wa magadi kidogo. Asiye na mizani atumie njia ya watu wa mashamba ya chumvi: yai bichi la kuku huzama kwenye maji ya kadiri ya bahari, na huanza kuelea chumvi inapopita gramu 100 kwa lita. Yai likielea, maji hayo si ya vichanga.

Kuangua ni sehemu fupi, na haihitaji maneno mengi. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikatwe kitako, igeuzwe mdomo chini, itiwe maji ya chumvi na mayai machache, na mpira wa pampu ndogo ya hewa uingizwe mpaka chini ili mayai yasilale. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 30. Masasi joto hilo lipo karibu mwaka mzima. Newala, mwezi wa Juni na Julai, upepo wa usiku ni wa baridi na nyuzi zinashuka chini ya 20. Chupa ilale jikoni, karibu na mafiga lakini mbali na moshi. Baada ya saa 18 hadi 36 hewa ikizimwa kwa dakika kumi, maganda matupu hupanda juu, mayai yaliyokataa huzama, na vichanga hukusanyika upande wenye mwanga. Tochi ya simu ikiwekwa ubavuni huwavuta wote mahali pamoja, wakafyonzwa kwa mpira mwembamba.

Hapo ndipo ulezi unapoanza, na kosa la kwanza hufanywa saa ile ile. Kichanga aliyetoka yaini hana mdomo unaofanya kazi. Anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho, ndicho kinachompa ile rangi ya chungwa. Baada ya saa kama nane au kumi na mbili anajivua ngozi kwa mara ya kwanza, mdomo unafunguka, na kuanzia hapo anameza chochote kinachotosha kupita: mwani, bakteria, hamira, vumbi. Hachagui. Anayemlisha kabla ya mdomo kufunguka anawalisha bakteria.

Kosa la pili ni idadi. Anayetaka vichanga wa kulisha samaki leo atie mayai mengi apendavyo. Anayetaka wazima atie mayai yanayonata kwenye ncha ya njiti iliyoloweshwa, basi. Beseni pana lisilo na kina, la plastiki, lenye uso mkubwa wa kupokea hewa, hulea vizuri kuliko ndoo ndefu, na umeme ukikatika hakuna msiba. Wengi watakufa siku za mwanzo hata mlezi awe hodari kiasi gani. Wakibaki mia moja kati ya mamia, shughuli imefaulu.

Kosa la tatu ndilo linaloua mabeseni mengi, na ni la huruma. Mtu anaona vidudu vinahangaika, anadhani vina njaa, anaongeza hamira. Maji yanakuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Usiku ule hamira isiyoliwa inaoza, bakteria wanamaliza hewa, na asubuhi uduvi wako chini. Waliokuwa wamekua kidogo hutoa onyo kabla: hewa ikipungua ndani ya maji, miili yao inageuka myekundu, kwa sababu wanatengeneza himoglobini zaidi, ya jamii moja na ile iliyo katika damu ya binadamu, ili wakamate hewa chache iliyopo. Uduvi wekundu ni uduvi wanaobanwa pumzi. Mlezi asiwasifu kwa rangi nzuri.

Mashamba makubwa hutumia kijiti chenye alama kuona macho yanafika kina gani majini; wanataka waone sentimita 15 mpaka 20, si zaidi wala si pungufu. Kwa mama wa Newala kipimo kimeshachapwa ndani ya beseni lake: yale maua ya kitakoni. Hamira kidogo, robo kijiko cha chai katika nusu kikombe cha maji ya chumvi, itikiswe na kuchujwa kwa kitambaa, kisha itiwe kwa matone hadi maua yafifie. Basi. Hakuna tone lingine mpaka maua yaonekane tena wazi, iwe ni kesho au keshokutwa. Watu waliokulia kwenye nyumba ambazo ndoo ya maji inagawiwa kwa kikombe wana mkono wa kazi hii kuliko wengi, na kwa maoni ya mwandishi wa mazungumzo haya, hilo ndilo linalofanya uwanda wa Makonde uwe mahali pazuri pa kulea uduvi kuliko miji mingi iliyo ufukweni.

Hamira peke yake, hata hivyo, ni chakula duni. Uduvi waliolishwa hamira tu hukua taratibu na wengi hawafiki. Pumba laini za mpunga ni bora. Mpunga unalimwa kwenye mabonde ya Ruvuma na pumba zake mara nyingi huachiwa kuku. Zisagwe tena, ziloweshwe kwenye maji ya chumvi, zichujwe kwa kaniki kuukuu, na yale maji yanayopita ndiyo yatumike. Bora kuliko vyote ni maji ya kijani. Chupa ya maji ya chumvi ikiwekwa juani na punje chache za mbolea ya dukani, pamoja na kikombe cha maji ya bahari yaliyoletwa na mtu anayetoka Mikindani, hugeuka kijani baada ya siku kadhaa. Mwani huo ukitiwa kwenye beseni hauozi usiku kama hamira. Unaendelea kuishi na kutoa hewa mchana mpaka uliwe.

Tofauti ya vyakula inaonekana kwa macho. Mwili wa uduvi ni angavu kama kioo, na utumbo wake ni mstari mmoja ulionyooka kutoka kichwani hadi mkiani. Aliyekula mwani ana mstari wa kijani. Aliyekula hamira ana mstari mweupe. Asiye na mstari hajala, na hapo ndipo wakati wa kuongeza. Mwalimu wa biolojia anayemweka mmoja kwenye tone la maji juu ya kioo, chini ya lenzi ya kawaida, anapata mfumo wa chakula unaofanya kazi mbele ya darasa bila kupasua chura.

Wanakua kwa kujivua ngozi, karibu mara 15. Katika mazingira bora kabisa siku nane zinatosha kuwa mzima. Nyumbani hesabu ni wiki mbili hadi nne. Mwanzoni kichanga ana jicho moja jekundu katikati ya paji na anaogelea kwa kurukaruka akipiga makasia mawili. Kila ngozi inapovuliwa miguu mipya inachipuka nyuma ya ile ya zamani, na mwendo unabadilika: kurukaruka kunakwisha, anaanza kuteleza. Macho mawili yanatokeza pembeni juu ya vishina vyake. Ngozi zilizovuliwa huelea kama vivuli na mgeni hudhani ni maiti. Kila baada ya siku tatu nne uchafu wa chini ufyonzwe kwa mpira, na maji yaliyotolewa yarudishwe baada ya kutulia na kuchujwa.

Mwisho dume hujulikana kwa mikono. Kile kilichokuwa kasia la utotoni kinageuka kuwa ndoano mbili pana mbele ya uso, naye humfuata jike, akamkamata kiunoni kutoka nyuma na kuning'inia hapo kwa muda mrefu, wakiogelea wawili kama mmoja, wakila na kuzunguka beseni bila kuachana. Jike ana mfuko wa mayai nyuma ya miguu, unaoonekana kama punje ya kahawia. Tangu hapo, akishiba, anaweza kuzaa kila baada ya siku nne hivi, hata vichanga 300 kwa mkupuo mmoja. Maji yakiwa mazuri anazaa vichanga walio hai. Chumvi ikipanda au hewa ikipungua, anabadili: anatoa mayai yenye ganda gumu, yale yale yanayolala. Ipo hata jamii ya uduvi hawa ambayo haina madume kabisa, majike wakizaa majike.

Ni kwa nini mtu ahangaike mpaka huku, wakati kichanga wa siku moja tayari ni chakula cha samaki? Swali ni la haki. Kwa mwenye vifaranga vya kambale, jibu ni kwamba kichanga wa siku moja ndiye anayefaa. Kambale mchanga akimaliza kiini chake, siku kama ya tatu, tumbo lake bado halijakamilika kusaga chakula cha unga, na vichanga wa uduvi humvusha hapo. Wapewe kidogo na mara nyingi, kwa sababu vichanga hao ndani ya maji baridi hufa baada ya saa chache na kuyachafua. Pia wapewe wakiwa wabichi: kichanga ambaye hajala kwa saa 24 amekwisha kutumia robo au zaidi ya nguvu aliyozaliwa nayo. Uduvi mzima ni habari nyingine. Amekuwa mrefu mara 20 na mzito mara 500 kuliko alipozaliwa, na ni mlo wa samaki wakubwa kidogo, wa samaki wa mapambo, na wa samaki wazazi wanaotayarishwa kutaga. Kwa gramu moja ya mayai ya kununuliwa, anayelea anapata nyama nyingi kuliko anayeangua na kumwaga.

Asidanganywe mtu, hata hivyo, kwamba beseni la Newala litamtajirisha. Kulisha bwawa zima la perege kwa uduvi wa nyumbani ni ndoto. Kazi ya beseni ni kuvusha vifaranga wachache, kumpa mwalimu somo, na kumfundisha kijana mkono wa ufugaji wa viumbe maji kabla hajakopa fedha za bwawa.

Gharama kubwa ni mayai yenyewe. Yanayouzwa katika makopo hutoka kwa wingi Great Salt Lake, katika jimbo la Utah, Marekani, na safari yake hadi kusini mwa Tanzania inapita mikono mingi. Kenya iliona tatizo hilo mapema. Katika miaka ya 1980 uduvi kutoka Marekani walipandwa katika mashamba ya chumvi ya eneo la Gongoni, kaskazini mwa Malindi, na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, wakawafuatilia. Biashara iliyotarajiwa haikusimama wakati ule. Uduvi wenyewe walisimama: walibaki kwenye madimbwi ya chumvi kali na wamezaliana humo tangu hapo, na miaka ya baadaye wazo la kulima chumvi na uduvi pamoja limerudi kwa vikundi vya wanakijiji. Vietnam walifika mbali zaidi. Huko Vinh Chau, wakulima wa chumvi, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Can Tho, huwapanda kila kiangazi, kwa sababu mvua huwamaliza kila mwaka, na mayai yao yana jina sokoni duniani. Chumvi nayo inafaidika, maana uduvi hula mwani unaochafua madimbwi.

Mashamba ya chumvi ya Mtwara na Lindi yana kiangazi kirefu kama kile, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa: kijana wa Newala aliyefaulu kwenye beseni apande basi, ashuke na barabara mpaka pwani, akamwage chupa yake kwenye dimbwi la mjomba. Asifanye hivyo. Aina ile ya Marekani ilipoingia Ureno, Uhispania na Ufaransa iliwafukuza uduvi wenyeji katika madimbwi mengi, na hakuna aliyeweza kuwarudisha. Kiumbe mgeni hupandwa pwani kwa kibali na kwa macho ya wataalamu wa uvuvi. Juu uwandani hatari hiyo haipo, kwani uduvi akimwagwa kwenye maji baridi anakufa. Kinachobaki ni chumvi yake, nayo isimwagwe chini ya mkorosho. Maji yaliyochoka yaanikwe kwenye sinia pana hadi yakauke, na chumvi ihifadhiwe kwa beseni lijalo.

Kwenye kuta za beseni, pale maji yaliposhuka, mara nyingi huachwa mstari mwembamba wa kahawia kama vumbi la tumbaku. Hayo ni mayai yaliyolala. Yakwanguliwe kwa kadi ya plastiki, yasuuzwe kwa maji ya chumvi kali, yaanikwe kivulini siku mbili tatu mpaka yawe makavu kabisa, kwa kuwa mengi hayaamki bila kukauka kwanza, kisha yafungiwe ndani ya kichupa pamoja na punje za mchele mkavu, maana baridi ya Newala ina unyevu unaopenya kila kitu. Majaribio ya kwanza yafanywe kwa mayai machache tu, kwenye kikombe cha kioo, dirishani. Akianguliwa kichanga mmoja kwa kila mayai matatu au manne, mayai hayo yanafaa, na hakuna haja ya kununua kopo jingine msimu huo.